Shajara ya mradi: kwenda na kurudi chemchemi ya mlimani kwa siku moja, nyanda za juu za Kigoma

Mei, wiki ya kwanza. Lengo na mipaka

Lengo limeandikwa kwa sentensi moja ili lisipanuke kila kikao: watu kumi waondoke Kigoma mjini alfajiri, wafike kwenye jicho la chemchemi, wapime maji yanayotoka, wale, warudi, na wote wawe kwenye gari jua likiwa bado juu.

Chemchemi iko upande wa ziwa wa safu ya milima inayotenganisha nyanda za Kalinzi na Ziwa Tanganyika, nje ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Jina lake na namba za mahali ilipo haziandikwi kwenye shajara hii. Kuna watu chini ya mlima wanaokunywa maji hayo, na namba ikishasambaa kwenye simu hairudishwi. Anayetaka kwenda ataanzia ofisi ya kijiji, kama tulivyoanzia sisi.

Umbo la njia ndilo lililobadilisha mpango mzima. Kwa kawaida mtu anayepanda mlima huchoka akienda na kupumzika akirudi. Hapa ni kinyume. Gari linaishia juu, kwenye nyanda za kahawa na migomba. Ukiwa kwa miguu unapanda kidogo hadi mgongo wa mlima, kisha unateremka kuelekea ziwani hadi kwenye chemchemi. Mpando mkubwa unakusubiri wakati wa kurudi, miguu ikiwa imelegea na maji ya kunywa yamepungua. Kwa hiyo ratiba tumeipanga kuanzia nyuma: kwanza saa ya kuwa kwenye gari, halafu saa ya kugeuka, mwisho saa ya kutoka mjini.

Mei, wiki ya tatu. Msimu

Uamuzi: Jumamosi ya pili ya Julai.

Mvua za Kigoma huanza karibu Novemba na kwisha kati ya Aprili na Mei. Chemchemi za safu hii haziendi sambamba na mvua. Maji huzama kwenye nyufa za mawe ya mchanga na kwazaiti (jiwe gumu sana), hushuka polepole hadi yakutane na tabaka lisilopitisha maji, ndipo yanapotokeza ubavuni mwa mlima. Safari hiyo ya chini kwa chini huchukua muda, hivyo mwezi Julai, wakati makorongo mengi yameshakauka, chemchemi ya kweli bado ina nguvu. Oktoba ndiyo mwezi wa kuangalia kama chemchemi ni ya kudumu au ni mchirizi wa masika tu, lakini kwa matembezi Oktoba ina joto kali na mara nyingi mteremko mzima umeshaungua.

Mei na Juni mapema tumezikataa kwa sababu ya nyasi. Zinafika juu ya kichwa, zina umande mzito asubuhi, na mtu haoni anakanyaga nini. Agosti na Septemba zina moto wa kiangazi, na moto hupanda mlima haraka kuliko mtu. Kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai nyasi zinaanza kulala na moto mkubwa bado haujaanza. Dirisha ni dogo, na tarehe ikipotea ni bora kuahirisha hadi mwaka unaofuata kuliko kuisukuma hadi Septemba.

Mei, wiki ya nne. Ramani na kosa la mita 300

Tunatumia karatasi ya ramani ya 1:50,000 ya Idara ya Upimaji na Ramani pamoja na ramani ya OpenStreetMap iliyopakuliwa kwenye simu mbili tofauti. Kwenye karatasi sentimita 2 ni kilomita 1. Mistari ya kontua, yaani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ikibanana, hapo ni genge au karibu na genge, hata kama njia imechorwa imenyooka.

Mambo mawili huwapoteza watu wenye ramani nzuri mkononi.

La kwanza ni ukanda wa UTM, mfumo wa namba za ramani unaoigawa dunia katika kanda za upana wa nyuzi sita. Kigoma mjini na safu yote ya milima ya kando ya ziwa iko magharibi ya nyuzi 30 mashariki, yaani ukanda wa 35 kusini. Sehemu kubwa ya Tanzania iko ukanda wa 36 na wa 37. Hata Kasulu, hapo jirani tu, iko ukanda wa 36. Mtu akiingiza namba zetu kwenye simu iliyowekwa ukanda wa 36, nukta inaruka nyuzi sita mashariki na kuangukia karibu na Kondoa. Kosa hilo halina hatari, kwa kuwa kila mtu ataliona.

La pili ndilo linaloumiza. Ramani za karatasi za zamani zimechorwa kwa datamu (msingi wa vipimo ambao namba za mahali huhesabiwa kutoka hapo) ya Arc 1960, na simu zinatumia datamu nyingine, WGS84. Ukihamisha namba kutoka karatasini kwenda kwenye simu bila kubadilisha datamu, unakosea karibu mita 300, zaidi upande wa kaskazini-kusini. Mita 300 kwenye mteremko huu ni korongo jingine kabisa. Mtu atashuka, atakuta kijito kikavu, atasema chemchemi imekufa. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuondoka, simama mahali panapoonekana wazi kwenye karatasi, kama njia panda au shule, soma namba kwenye simu, linganisha. Zikipishana kwa mita mia mbili au tatu, datamu haijabadilishwa.

Hali: imekamilika. Namba zimehakikiwa kwenye sehemu mbili zinazotambulika.

Juni, wiki ya kwanza. Ruhusa

Barua imepelekwa kwa Mtendaji wa Kijiji, nakala kwa Mwenyekiti wa Kijiji na kwa jumuiya ya watumia maji. Ina tarehe, idadi ya watu, namba ya gari, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na orodha ya tutakachofanya kwenye chanzo: kupima kwa ndoo, kupiga picha, kunywa. Imeeleza pia tusichofanya: kuoga, kufua, kuwasha moto, kukata mti.

Nakala ya jumuiya ya watumia maji si adabu tu. Chemchemi nyingi za milima hii zina banio na bomba la mserereko linaloshuka hadi kijijini. Ukikuta tofali, saruji au bomba la plastiki jeusi karibu na jicho la maji, hapo ni jikoni kwa watu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zinaweka mita 60 kutoka chanzo kuwa eneo la kulindwa. Tumeichukua mita 60 hiyo kuwa mpaka wetu wa kula, kupumzika na kujisaidia: nje yake, na kamwe si juu ya jicho la maji. Anayejisaidia achimbe kishimo cha sentimita 15 hadi 20 na kukifukia. Karatasi zinarudi mjini kwenye mfuko.

Kijiji kitatoa waongozaji wawili. Posho imekubaliwa kabla na imeandikwa. Wazee waulizwe pia kama chanzo kina mwiko wowote, maana baadhi ya chemchemi za Uha, yaani nchi ya Waha, zina taratibu zake, na mgeni hana sababu ya kuzijulia hapo hapo kwenye maji.

Kila mtu abebe kitambulisho cha taifa. Barabara ya Manyovu inakwenda mpakani mwa Burundi, na ukaguzi njiani ni jambo la kawaida.

Mpaka wa Gombe: mgongo wa mlima una sehemu inayopakana na hifadhi, ambayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968 na ina utaratibu wake wa kuingia na kulipia. Njia yetu imesogezwa mbali nayo kwenye ramani, na waongozaji wamethibitisha. Hakuna "kukatisha kidogo".

Juni, wiki ya pili. Hesabu ya mwendo

Vipimo kutoka ramani: gari hadi mgongo wa mlima kilomita 3.5, mpando mita 180. Mgongo hadi chemchemi kilomita 2.5, mteremko mita 320. Jumla kilomita 6 kwenda, kilomita 6 kurudi.

Kanuni ni ile ya Naismith, Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: kilomita 5 kwa saa, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ni kanuni ya mtu mwenye nguvu, kwenye baridi, asiye na mzigo. Kwetu jibu lake linazidishwa kwa moja na nusu.

Kwenda: kilomita 6 ni saa 1 na dakika 12, mpando wa mita 180 ni dakika 18, jumla saa 1 na nusu. Mara moja na nusu inakuwa saa 2 na dakika 15. Mteremko haupunguzi muda. Mita za mwisho ni kali kiasi kwamba watu watashuka kwa ubavu.

Kurudi: saa 1 na dakika 12, ongeza dakika 32 za kupanda mita 320, jumla saa 1 na dakika 44. Mara moja na nusu ni saa 2 na dakika 36. Tumeandika saa 2 na dakika 45.

Sasa saa za jua. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini Kigoma iko magharibi kabisa, kwa hiyo jua lake linachelewa. Katikati ya Julai linachomoza kama saa 1:11 asubuhi na kuzama kama saa 1:03 usiku. Jua la utosi si saa sita bali saa 7 na dakika chache. Mgeni kutoka Dar es Salaam anayepanga kuanza kutembea saa 12 asubuhi atatembea gizani saa nzima. Faida yake ni kwamba mteremko wa upande wa ziwa unakaa kivulini hadi asubuhi iende sana, na mpando wa kurudi ukianza kabla ya saa sita unakuwa umekwisha kwa sehemu kubwa kabla ya ukali wa jua.

Ratiba: kutoka mjini saa 12:15 asubuhi kupitia Mwandiga, lami. Kufika kijijini saa 1:15, kuripoti ofisini. Kuanza kutembea saa 1:30. Chemchemi saa 3:45. Kuondoka saa 5:15. Kwenye gari saa 8 mchana.

Saa ya kugeuka: saa 6 kamili mchana, popote mlipo. Hesabu yake hii hapa. Mtu akiteguka kifundo chini kabisa saa 6, kurudi kutachukua mara mbili, yaani saa 5 na nusu, na kundi litafika kwenye gari saa 11:30 jioni likiwa na saa moja na nusu ya mwanga. Ukisogeza saa ya kugeuka hadi saa 8, majeruhi huyohuyo anabebwa gizani kwenye changarawe. Hakuna kura itakayopigwa mlimani kuhusu saa hii.

Tahadhari ya simu: kwenye mteremko wa ziwa simu inaweza kushika mtandao wa Burundi au Kongo, na nchi hizo ziko saa moja nyuma yetu. Simu iliyowekwa kujirekebisha yenyewe itarudisha saa nyuma, na kiongozi ataamini ni saa 5 kumbe ni saa 6. Saa za simu zote zifungwe zisijirekebishe, na watu wawili wavae saa za mkononi.

Juni, wiki ya pili, nyongeza. Wazo la kurudi kwa boti

Limejadiliwa na limekataliwa. Wazo lilikuwa kuendelea kushuka hadi ufukweni na kupanda boti ya abiria hadi Kibirizi, ufukwe wa boti wa Kigoma mjini, ili kukwepa mpando. Kwenye karatasi linavutia. Lakini boti hizo kwa kawaida hutoka Kibirizi mchana kwenda vijiji vya kaskazini, na hurudi mjini alfajiri. Anayefika ufukweni saa 8 mchana ataziona zikipita kwenda upande asioutaka, atalala hapo. Jumapili mara nyingi hakuna kabisa. Kukodi boti binafsi kunawezekana, ila Julai ni msimu wa upepo wa kusi, na kurudi mjini mchana ni kwenda uso kwa uso na mawimbi. Ufukwe unabaki njia ya dharura tu.

Juni, wiki ya tatu. Maji ya kunywa

Lita 3 kwa kila mtu kutoka mjini, yaani lita 30 kwa kundi. Kumekuwa na swali la haki kabisa: kwa nini kubeba maji kwenda kwenye maji? Kwa sababu chemchemi inaweza kukutwa imefunikwa, imechafuliwa na ng'ombe, au kijiji kimeomba isiguswe siku hiyo. Mpando wa kurudi hauwezi kutegemea kitu ambacho hakijaonekana.

Mgawo: lita 1 hadi chemchemi, lita 1 wakati wa mapumziko, lita 1 haifunguliwi mpaka mpando wa kurudi. Chupa mbili za lita moja na nusu ni bora kuliko dumu moja; moja ikipasuka hujapoteza yote.

Maji ya chemchemi yatakayonywewa yatachukuliwa pale yanapotoka kwenye jiwe au mdomoni mwa bomba, si kwenye kidimbwi kilicho chini yake, na yatatiwa dawa ya klorini. Tuangalie pakiti: vidonge vingi vinavyouzwa madukani ni vya ndoo ya lita 20. Kidonge hicho kwenye chupa ya lita moja ni dawa mara ishirini. Tutajaza dumu la lita 20, kidonge kimoja, dakika 30, ndipo chupa zijazwe. Maji yakiwa na tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kwa kuwa tope hula nguvu ya klorini.

Pakiti 6 za ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) zinakwenda. Zikiisha: lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Juni, wiki ya nne. Vifaa na chakula

Viatu: raba au buti zenye meno, zilizokwisha kuvaliwa. Sehemu ya mteremko ni changarawe ya kwazaiti juu ya udongo mgumu, na nyasi kavu zilizolala juu ya njia huteleza kuliko tope. Kucha za vidole vya miguu zikatwe siku mbili kabla. Kwenye mteremko mrefu kidole hugonga ncha ya kiatu kila hatua. Suruali ndefu na mikono mirefu, hata kama joto linasumbua: upupu hukomaa kiangazi, na vinyweleo vyake vikiingia shingoni mtu hatembei tena kwa utulivu. Rangi ya samawati iliyokoza na nyeusi ziachwe nyumbani, mbung'o huzifuata.

Kamba: mita 20, ya unene wa milimita 10, kwa ajili ya sehemu kali ya mwisho. Inafungwa kwenye shina hai lenye unene wa paja na inashikwa kama mkono wa ngazi. Haimbebi mtu.

Machela: mianzi miwili ya mita 2 inayobebwa na waongozaji kama mikongojo, na vitenge vitatu vizito. Tumekataa wazo la kukata fito hukohuko. Msitu ni wa kijiji na tumeandika kwenye barua kwamba hatukati mti. Machela inahitaji wabebaji sita wanaopokezana, na ndiyo sababu idadi ya kundi haikushushwa chini ya kumi.

Sanduku la huduma ya kwanza: bandeji za kuvutika 4 za upana wa sentimita 10, shashi, plasta za malengelenge, kibano, glavu, paracetamol. Kuhusu nyoka, utaratibu umeandikwa ndani ya kifuniko: mtulize, vua pete na saa, mfunge mguu au mkono kwa gango usitikisike, mbebe. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba kuzuia damu; kamba huua mguu. Gari liondoke moja kwa moja kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, na apigiwe simu mtu wa mapokezi kabla ya kufika.

Chakula: chapati mbili, mayai mawili ya kuchemsha, ndizi na karanga kwa kila mtu, chai kwenye chupa. Dagaa wa kukaanga wameondolewa kwenye orodha kwa masikitiko, kwa sababu chumvi yao inakula maji ya mpando. Hakuna kupika.

Julai, wiki ya kwanza. Kupima chemchemi

Tutapima kwa namna ambayo jumuiya ya watumia maji inaweza kuirudia yenyewe. Ndoo ya lita 20, kipande cha bomba au gome la mgomba la kukusanya maji yote sehemu moja, saa ya sekunde. Pima mara tatu, chukua wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, ni nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 1,800 kwa saa. Kosa la kawaida ni maji kupita pembeni ya gome. Zibeni kwa udongo wa mfinyanzi, na mkimaliza muuondoe.

Andikeni pia joto la maji. Maji yaliyotoka chini sana hukaa na joto lilelile asubuhi na mchana. Yakibadilika kadiri jua linavyopanda, au kijiji kikisema yanakuwa mekundu kila mvua inaponyesha, basi hayo ni maji ya juu juu yanayopenya karibu, na yanahitaji uangalifu zaidi kabla ya kunywewa. Mkuyu mkubwa na ukanda wa majani mabichi katikati ya nyasi kavu vitawaonyesha jicho la maji kutoka mbali. Kijani kikianza juu ya mahali mlipoambiwa, pandeni kidogo mwangalie, huenda chanzo halisi kiko huko.

Vipimo vitaachwa nakala ofisi ya kijiji siku hiyohiyo. Jumuiya ikitaka, itavipeleka RUWASA (wakala wa maji vijijini) au Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako Kigoma.

Julai, siku mbili kabla. Hali ya mambo

Ruhusa: imepatikana kwa maandishi. Waongozaji: wamethibitisha, mmoja atatangulia, mmoja atafunga nyuma. Gari: dereva atabaki kijijini siku nzima na ufunguo hauondoki, tenki lijazwe jioni ya kuamkia safari kwa sababu vituo vingine havifunguliwi kabla ya saa 12:15. Mtu wa mjini: ana ratiba, majina na namba ya ofisi ya kijiji, asipopigiwa hadi saa 12 jioni, anapiga yeye.

Bado: kamba haijakaguliwa urefu wake wote kwa mkono, na saa za simu tatu hazijafungwa. Vyote viwili vifanyike kesho kabla ya kugawa chapati. Mwongozaji ameripoti moshi kwenye mgongo wa mlima upande wa kusini. Atapanda kuangalia kesho jioni, na akisema moto unasogea kaskazini safari inaahirishwa.